Kufungua barabara mpya ya mtaa Lubumbashi ili kartie iliyodorora ichangamke: mwongozo kamili

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya viongozi wa komini (wilaya za mji), kamati za kartie (mitaa ndani ya komini), mafundi na wenye viwanja wanaofikiria kufungua barabara mpya ya mtaa, yenye urefu wa kilomita moja hivi, katika sehemu ya mji wa Lubumbashi (Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo) ambayo biashara yake imelala: watu wamo, nyumba zimo, lakini gari haliingii, mbeba mizigo hupandisha bei kwa sababu ya njia, na soko limebaki na meza chache. Msimamo wangu nautoa mapema. Uso wa barabara, ambao ndio wakubwa huja kuuzindua kwa kukata utepe, ndio unaoamua kidogo kuliko yote. Yanayoamua ni mahali barabara inapopita, mahali maji yanapokwenda, na haki za watu wanaoishi kando yake, na ndiyo maana hatua za kabla ya greda kuingia zimechukua nafasi kubwa hapa kuliko hatua za baada yake.

Kuchagua njia

Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1910, mwaka uleule reli ilipofika kutoka kusini, na wapangaji wa kikoloni waliutenga mji wa Wazungu na makazi ya Waafrika kwa kuacha ukanda mtupu katikati. Athari yake haijaisha. Ndani ya kartie nyingi za zamani avenyu zimenyooka na kukatana vizuri, lakini njia za kutokea kwenda kartie jirani ni chache, na zile zilizopo hubeba msongamano wa wote. Kwa hiyo anza kwa kutafuta sehemu mbili ambazo tayari zina shughuli lakini hazionani: soko na kituo cha taksi, shule na kituo cha afya, avenyu kuu na kartie iliyo nyuma yake. Barabara inayoishia porini itawanufaisha wauza viwanja. Uchangamfu wa mji utaisubiri miaka mingi.

Usiamini ramani peke yake. Chagua siku moja ya kazi na siku moja ya soko, uwaweke vijana wenye daftari katika vijia vyote vinavyotumika, wahesabu kila saa, tangu saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, waenda kwa miguu, mikokoteni, pikipiki na zile baiskeli zinazosukumwa zikiwa na magunia ya makala, yaani mkaa. Kijia cha miguu kilichokanyagwa mpaka nyasi zikakoma ni ushahidi wenye nguvu kuliko hoja ya ofisini, kwa sababu watu wamekwisha kupiga kura kwa miguu yao. Ikiwa njia unayoipendelea inakata reli, ombi la kivuko lipelekwe mapema kwa SNCC, shirika la reli, maana bila idhini hiyo barabara yako itakuwa vipande viwili visivyokutana.

Kuna hatari moja ambayo katika mji wa migodi haifai kupuuzwa. Barabara ya mtaa ikigeuka njia ya mkato ya malori ya madini yanayoelekea Kasumbalesa, mpakani na Zambia, haitamaliza miaka miwili. Majaribio makubwa yaliyofanyika Marekani kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uharibifu wa barabara hukua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli, yaani mhimili wa magurudumu: ekseli yenye uzito maradufu huharibu kama mara 16, na magari madogo ya familia hayaharibu karibu chochote. Weka basi kizuizi cha urefu kwenye miingilio yote miwili, kwa kimo ambacho taksi-basi hupita na lori kubwa halipiti, na uache kipande kinachofunguliwa kwa ufunguo kwa ajili ya gari la zimamoto. Kona moja ya makusudi katikati ya njia nayo hupunguza hamu ya dereva wa mbali.

Kuhusu upana, usiwe na tamaa. Mita 6 za magari zinatosha kwa pande mbili. Ongeza mifereji miwili, njia mbili za waenda kwa miguu za mita 1.5 kila moja, na ukanda mwembamba wa mabomba, nawe utafika mita 12 au chini kidogo. Kila mita unayoiongeza inabomoa ukuta wa mtu, na mwendo wa magari nao huongezeka pale ambapo watoto wanavuka.

Maji yatangulie

Lubumbashi hupata karibu milimita 1,200 za mvua kwa mwaka, na karibu zote huanguka kati ya Novemba na Machi. Kwa sababu hiyo uchunguzi wa njia ufanyike Januari na Februari, wakati maji yenyewe yanajionyesha. Tembea njia nzima mvua ikinyesha, ukiwa na chokaa na brashi, uweke alama kwenye kuta pale maji yalipofika, na uwaulize wazee wa avenyu maji yalifika wapi katika mvua mbaya wanayoikumbuka. Upimaji wa kiangazi hukuonyesha ardhi kavu isiyo na siri yoyote, na siri zote hutoka Desemba.

Hesabu ya maji haihitaji kompyuta. Chukua eneo linalomwaga maji kuelekea barabara yako kwa hekta, zidisha kwa sehemu ya mvua ambayo haizami ardhini, zidisha kwa ukali wa mvua kwa milimita kwa saa, kisha gawanya kwa 360. Jibu ni mita za ujazo kwa sekunde. Tuseme eneo ni hekta 12, nusu ya mvua hutiririka kwa sababu ya mabati na nyua zilizoshindiliwa na miguu, na mvua kali tunayojikinga nayo ni milimita 90 kwa saa. Jibu ni 1.5. Sasa linganisha na mfereji. Mfereji wa mawe wa sentimita 60 kwa 60, wenye mteremko wa asilimia 1, hubeba kama 0.6 ukijaa; miwili hubeba 1.2, nayo haitoshi. Ukipanua hadi sentimita 70 kwa 70, miwili itabeba kama 1.8, mradi maji yagawanyike sawasawa pande zote mbili. Tofauti ya sentimita 10, ambayo mkandarasi anaweza kuiita ndogo, ndiyo inayoamua kama sebule za watu wa chini zitakauka au zitalowa.

Mteremko wa mfereji usipungue asilimia 0.5, la sivyo mchanga utatuama. Ukizidi asilimia 3 au 4, mfereji wa udongo mtupu utachimbwa na maji mpaka uwe korongo, kwa hiyo ujengwe kwa mawe na uwekewe ngazi ndogo za kuvunja kasi. Swali la mwisho ndilo hurukwa mara nyingi zaidi: mfereji unamwaga wapi? Lazima ufike mtoni au kwenye mfereji mkuu ambao wenyewe una nafasi, hata kama hapo ni nje ya kipande chako. Barabara inayokusanya maji ya kartie ya juu na kuyaachia katika ua wa kartie ya chini imehamisha taabu tu, na wenye taabu watakuja kuziba mfereji usiku kwa magunia ya mchanga.

Tazama pia jinsi watu wanavyoingia nyumbani kwao. Kila mwenye lupango, yaani kiwanja chenye nyumba, anahitaji kivuko juu ya mfereji, na usipomjengea atajijengea: kigogo, mlango wa gari bovu, au zege lililomwagwa moja kwa moja juu ya mawe. Chini ya vivuko vya namna hii chupa za plastiki hukamatana, kisha majani, kisha mchanga, na mwezi wa pili wa mvua maji huruka juu ya barabara. Weka katika bajeti vibamba vya zege vyenye nondo, vya kipimo kimoja, vizito kiasi cha kubeba gari dogo lakini vyepesi kiasi cha kuinuliwa na watu wawili wenye mitaimbo, na kila nyumba ipate chake kabla kazi haijapokelewa.

Ardhi, hati na watu

Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi yote ni mali ya Serikali peke yake, lakini asije mtu akadhani kwamba hilo linampa ruhusa ya kubomoa anavyotaka. Kifungu cha 34 cha Katiba ya 2006 kinalinda mali ya mtu, na kinadai fidia ya haki itolewe kabla ya kumwondoa kwa ajili ya manufaa ya umma. Utaratibu wenyewe umo katika sheria ya tarehe 22 Februari 1977. Ugumu ni kwamba mbele ya sheria haki kamili juu ya kiwanja huthibitishwa na cheti cha usajili, wakati familia nyingi zina fomu ya komini au karatasi ya mauziano iliyotiwa sahihi mbele ya mkuu wa kartie. Ushauri wangu ni kutambua umiliki wa aina zote katika sensa, na kumlipa mtu kwa alichojenga na alichopanda hata kama cheti hana. Kesi moja mahakamani yaweza kusimamisha mashine kwa muda mrefu, na mashine ya kukodi inalipiwa hata ikiwa imesimama.

Fanya sensa kwa siku zilizotangazwa redioni, makanisani na misikitini. Kila ukuta unaoguswa upigwe picha mwenyewe akiwa amesimama mbele yake, upimwe kwa futi kamba, na fomu isainiwe na mwenye mali, mkuu wa kartie na mpima ardhi, nakala moja ikibaki nyumbani. Tangaza tarehe ya kufunga sensa na uishike, kwa sababu habari za fidia huotesha vibanda usiku mmoja. Wapangaji waandikwe pia, na mama mwenye meza ya lengalenga na nyanya aandikwe pamoja na idadi ya siku atakazokosa mauzo. Kuchora msalaba mwekundu ukutani kabla mtu hajazungumza na mwenye nyumba ni njia ya haraka ya kupata maadui avenyu nzima.

Jambo linalosahaulika ni kodi ya nyumba. Barabara ikikamilika, mwenye nyumba atampandishia mpangaji, na waliovumilia vumbi na matope miaka yote ndio watakaohamia pembezoni, katika komini Annexe. Komini haiwezi kuzuia soko, lakini inaweza kuomba kwamba wenye nyumba wanaopata ukuta mpya au kivuko cha bure kwa gharama ya mradi wasaini ahadi ya kutopandisha kodi kwa muda wa mwaka mmoja au miwili. Nakiri kwamba ahadi hiyo ina nguvu ya aibu zaidi kuliko ya sheria. Hata hivyo katika kartie ambako watu wanajuana, aibu si kitu kidogo.

Ofisi za kupitia

Barabara za mjini ziko chini ya Office des Voiries et Drainage, yaani OVD. Barabara kuu za taifa ziko chini ya Office des Routes. Hakikisha tangu mwanzo ni ipi inayohusika pale barabara yako inapoungana na nyingine. Meya na serikali ya jimbo wapate mchoro kabla haujawa wa mwisho. Sheria ya mazingira ya tarehe 9 Julai 2011 inadai uchunguzi wa athari kwa miradi inayoweza kudhuru mazingira, na fedha za umma zikitumika, sheria ya manunuzi ya tarehe 27 Aprili 2010 ndiyo inayotawala zabuni. Anza makaratasi haya wakati mmoja na uchunguzi wa maji, la sivyo kiangazi kitapita.

Udongo na vichuguu

Chimba mashimo ya kina cha mita moja kila mita 100, na popote udongo unapobadilika rangi. Peleka sampuli maabara. Kitivo cha Politekniki cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi ni mahali pazuri pa kuanza kuuliza.

Adui wa kipekee wa huku ni kichuguu. Vichuguu vya nchi hii ya miombo hupita mita 5 kwa kimo, na upana wake chini ni mkubwa kuliko nyumba ya vyumba viwili. Udongo wake ni mfinyanzi mtupu: hufura ukilowa, hupasuka ukikauka, na ndiyo maana mafundi wa matofali ya kuchoma huupenda. Kuusawazisha kwa greda na kuutandaza chini ya barabara ni kujitafutia mawimbi. Kichuguu kiondolewe chote pamoja na mzizi wake, na shimo lijazwe laterita (udongo mwekundu wa changarawe) kwa matabaka yaliyoshindiliwa. Hatari kubwa zaidi ni kichuguu ambacho hakionekani tena, kilichokwisha kugeuzwa matofali miaka kumi iliyopita. Shimo lake lilijazwa taka, juu pakaota majani, na leo ni uwanja wa mpira wa watoto. Mzee wa jirani atakuonyesha kilipokuwa. Piga mtaimbo hapo: ukizama bila kupingwa, umelipata shimo.

Usikubali mabaki ya migodi au ya kuyeyushia shaba yaletwe kuwa kifusi kwa sababu tu yanatolewa bure. Huenda yana madini mazito, nayo vumbi lake litaingia kwenye vyungu vya watu. Bila cheti cha maabara, lori lirudi lilikotoka.

Kujenga matabaka

Ardhi ya chini ikisafishwa na kupewa umbo, tandaza laterita kwa unene wa sentimita 20 ikiwa huru, uimwagie maji, uishindilie mpaka ibaki kama 15, kisha ndipo uweke tabaka linalofuata. Mkandarasi anayemwaga sentimita 40 kwa mara moja anashindilia ganda la juu tu. Kipimo rahisi cha unyevu: finyanga bonge mkononi, likishikamana, na likiangushwa kutoka kimo cha kiuno likavunjika vipande vichache, unyevu unafaa, likisagika ni kavu mno, na likibonyea bila kuvunjika lina maji mengi. Hicho ni kipimo cha msimamizi aliye uwanjani. Malipo yategemee kipimo cha maabara, kisichopungua asilimia 95 ya ushindiliaji wa juu kabisa uliopatikana maabara.

Fanya hesabu ya malori mwenyewe. Kilomita moja, upana mita 6, unene sentimita 15, ni mita za ujazo 900 zilizoshindiliwa, yaani kama 1,170 zikiwa huru, na kwa lori la mita za ujazo 10 ni safari 117 kwa kila tabaka. Anayehesabu malori getini awe mtu wa kamati, asiwe mtu wa mkandarasi.

Kwa uso wa juu, laterita peke yake ni rahisi kuinunua lakini ghali kuitunza, na vumbi lake la Agosti na Septemba huharibu bidhaa za maduka yaleyale unayotaka yafunguliwe. Lami ni nzuri pale palipo na mkandarasi mwenye mitambo na bajeti ya kuiziba inapopasuka. Kwa barabara ya mtaa mimi huchagua pave za zege, yaani matofali ya kutandika barabara, zenye unene wa sentimita 8, zilizolazwa juu ya mchanga wa sentimita 3 hadi 5 na kubanwa pande zote na ukingo wa zege usiosogea. Vijana wa kartie wanaweza kuzifyatua na kuzipanga, mishahara ikabaki papo hapo, na bomba la Regideso, shirika la maji, likipasuka, pave huondolewa na kurudishwa bila kovu. Mita za mraba 6,000 zinahitaji mita za ujazo 480 za zege. Kwa kilo 350 za saruji kwa kila mita ya ujazo, hiyo ni tani 168, au mifuko 3,360 ya kilo 50. Pave zifunikwe na kumwagiwa maji kwa siku 7 zisizopungua. Ukiona fundi anazianika juani siku ya pili, simamisha kazi. Mwinamo wa kutoka katikati kwenda pembeni uwe asilimia 2.5 hadi 3 kwa pave, na 4 hadi 5 kwa laterita.

Mabomba ya maji na mirija mitupu ya nyaya za SNEL, shirika la umeme, ivushwe chini ya barabara kabla ya tabaka la kwanza. Mirija mitupu ni rahisi kununua. Kukata barabara mpya ni hasara na ni fedheha.

Kalenda na mkataba

Mifereji na makalavati ianze Mei, matabaka yafuate kuanzia Julai, na uso ukamilike kabla ya katikati ya Oktoba. Ukichelewa, bora kufunika matabaka na kusubiri Aprili kuliko kupanga pave juu ya matope. Katika mkataba, sehemu ya malipo izuiliwe mpaka upokezi wa mwisho, na muda kati ya upokezi wa kwanza na wa mwisho uwe miezi 12 kamili, ili msimu mzima wa mvua uwe mkaguzi wako.

Kando za barabara ndiko biashara iliko

Barabara ikishapita, shughuli hukusanyika kwenye makutano. Basi yatengeneze makutano kabla hayajajitengeneza: kwenye kila avenyu inayokutana na barabara mpya, kipande cha mita 20 cha avenyu hiyo nacho kitandikwe, ili magurudumu yasilete matope, na kona ipewe sakafu ya zege kwa ajili ya meza za akina mama, nje ya mfereji na nje ya njia ya miguu. Teua mahali pawili pa taksi kusimama. Zisipokuwa na mahali zitasimama popote. Viwanja vinavyotazama barabara viruhusiwe kufungua duka mbele bila mwenyewe kuzungushwa ofisi nyingi, lakini mstari wa ukuta usivukwe hata kwa baraza dogo, kwa sababu la kwanza likivumiliwa, la kumi haliondoki. Panda miti upande unaopigwa na jua la alasiri, na kila mti ukabidhiwe nyumba iliyo mbele yake.

Nani ataitunza

Kodi ya ardhi na kodi ya mapato ya upangaji huingia katika mfuko wa jimbo, ilhali komini hutegemea ushuru wa soko na ada ndogondogo. Yaani thamani ya viwanja ikipanda kwa sababu ya barabara, faida ya kwanza ya kikodi haimfiki anayesafisha mfereji. Mapatano ya kurudisha sehemu ya fedha hizo kwenye matunzo yaandikwe na jimbo kabla ya kazi kuanza, wakati kila mtu bado ana hamu ya mradi. Mfuko wa taifa wa matunzo ya barabara, FONER, uliundwa mwaka 2008, na ombi kwake lipitie OVD. Lakini hauji na koleo kila Jumamosi.

Kila Jumamosi ni salongo, kazi ya pamoja ya usafi. Gawanya kilomita moja katika vipande vya mita 50, kila kipande kiwe na jina la msimamizi wake limeandikwa kwa rangi ukutani, na mchanga uliotolewa mferejini uchukuliwe siku hiyohiyo kwa mkokoteni wa kulipwa, kwa sababu ukiachwa ukingoni mvua ya jioni huurudisha ndani. Mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua, inua vibamba vyote. Aprili, pitia pave zilizozama, ziondoe, ongeza mchanga, zirudishe. Kazi ya fundi mmoja na msaidizi wake kwa siku chache. Na vizuizi vya urefu vikaguliwe kila mwezi, hasa lile kufuli.